Sikling, elektroforesi, HPLC au DNA: kipimo kipi cha selimundu kinajibu swali lako?

Ukifika maabara ukasema unataka kupima selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, unaweza kurudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "chanya" tu, au iliyojaa asilimia, au yenye herufi mbili peke yake. Vipimo hivi havitazami kitu kimoja. Kimoja hutazama seli nyekundu ya damu, kingine hutazama protini iliyomo ndani ya seli hiyo, kingine hushuka hadi kwenye jeni yenyewe. Matatizo huanza pale mtu anapochukua jibu la swali moja na kulifanya jibu la swali jingine, hasa watu wawili wanaopanga kuoana.

Tuanze na kosa lenyewe mahali lilipo. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni iitwayo HBB, yenye maelekezo ya kutengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Mnyororo huo una asidi amino 146. Kwa kawaida herufi za DNA kwenye kodoni ya sita, yaani fungu la sita la herufi tatu tatu, ni GAG, na kutokana nazo mwili huweka asidi amino ya glutamati. Kwenye jeni ya selimundu herufi ya katikati imebadilika, GAG imekuwa GTG, na mahali pa glutamati huwekwa valini. Glutamati ina chaji hasi na huelewana na maji. Valini haina chaji na huyakwepa. Himoglobini ya aina hii, inayoitwa S, ikishaachia oksijeni hujinasa kwenye himoglobini jirani, zikashikamana kuwa nyuzi ndefu ngumu, na seli nyekundu iliyokuwa duara laini ikajikunja umbo la mundu.

Kila mtu ana nakala mbili za HBB, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala mbili za kawaida ni AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya S ni AS, yaani mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Mwenye mbili za S ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi ya robo kuwa SS, nusu kuwa AS, na robo kuwa AA. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba: waliopata mtoto wa kwanza SS hawajamaliza zamu yao, na waliopata watatu wazima hawajahakikishiwa wa nne. (Na tafadhali, hizi A na S si makundi ya damu. Mtu wa kundi A anaweza kuwa SS, na wa kundi O anaweza kuwa AA. Kadi ya kuchangia damu haijibu lolote hapa.)

Shuleni tulifundishwa kuwa jeni ama inatawala ama inafichika. Selimundu inaonyesha kuwa jibu linategemea unatazamia wapi. Wodini, S inafichika: AS hana ugonjwa, mpaka nakala ziwe mbili. Chini ya hadubini, seli zikinyimwa oksijeni, S inaonekana kutawala, kwa sababu AS na SS wote seli zao hujikunja. Ukipima protini, A na S huonekana pamoja, hakuna anayemficha mwenzake. Jeni ni ile ile. Kilichobadilika ni kipimo. Ukishalishika hilo, kuchagua si kazi ngumu.

Sikling na kipimo cha kuyeyuka

Sikling ni ya zamani na bado ipo karibu kila penye hadubini. Mtaalamu huchanganya tone la damu na sodiamu metabisalfaiti, kemikali inayonyang'anya oksijeni, hulifunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo hewa isipenye, kisha husubiri na kutazama kama seli zimejikunja. Bei yake ni ndogo kuliko ya vipimo vingine vyote, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Udhaifu wake ni kwamba kemikali hiyo huondoa oksijeni kwa ukali ambao mwili wa mbebaji haukutani nao katika maisha ya kila siku. Kwa hiyo "chanya" ina maana moja tu, kwamba S ipo. Haisemi ipo nakala moja au mbili. Kijana wa AS anaweza kuhangaishwa na neno hilo kana kwamba ni mgonjwa, na mama wa mtoto wa SS akaambiwa mwanawe "anayo kidogo", wakati mtoto anahitaji kuanza kliniki mara moja.

"Hasi" nayo ina mitego. Mtoto mchanga huzaliwa na himoglobini F kwa wingi, ile aliyoitumia tumboni, na F haina mnyororo wa beta kabisa, ina gama. Kosa la HBB bado halijajitokeza vya kutosha, seli zinakataa kujikunja, na karatasi inatoka safi. Ndiyo maana sikling haifai kwa mtoto wa chini ya miezi sita, na ndiyo maana hata dalili za ugonjwa kwa kawaida huanza kuonekana kadiri F inavyopungua. Aliyeongezewa damu karibuni naye anaweza kusomeka hasi kwa kuwa damu ya mchangiaji imeizidi yake.

Kipimo cha kuyeyuka ni ndugu yake. Damu hutiwa kwenye mrija wenye sodiamu dithionaiti. S haiyeyuki humo, maji yanakuwa na ukungu na mistari iliyo nyuma ya mrija haisomeki. Ni safi na rahisi kusoma kuliko sikling, lakini mipaka ni ile ile.

Je, vitupwe? Hapana. Usiku wa manane, kwenye kituo kisicho na mashine, mtoto wa miaka miwili ana maumivu ya mifupa na damu imeshuka: sikling chanya inampa daktari sababu ya kumtibu kama mgonjwa wa selimundu wakati sampuli nyingine inasafirishwa. Vilevile maabara kubwa hutumia kipimo cha kuyeyuka kuthibitisha kwamba mstari walioupata ni S kweli. Ila kwa maamuzi ya ndoa, binafsi nisingeilipia.

Elektroforesi na HPLC

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California waliweka himoglobini ya wagonjwa kwenye uga wa umeme wakaona inasafiri tofauti na ya watu wasio na ugonjwa. Wabebaji walikuwa na aina zote mbili. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuonyeshwa kuwa ni kasoro ya molekuli, na miaka michache baadaye, 1956 hadi 1957, Vernon Ingram huko Cambridge akaonyesha kasoro yenyewe ni asidi amino moja. Hiyo ndiyo elektroforesi, na maabara zetu bado zinatumia kanuni ile ile ya Pauling.

Glutamati ikiondoka, chaji hasi moja huondoka nayo. Kwenye jeli ya alkali, A hukimbia mbele kuelekea upande chanya, F huifuata kwa karibu, S hubaki nyuma. Himoglobini C, inayopatikana zaidi Afrika Magharibi, imebadilika kwenye kodoni ile ile ya sita, lakini humo glutamati imepisha lisini, yenye chaji chanya. Tofauti ni ya chaji mbili, hivyo C huburuta mkia zaidi. Mistari hiyo huisomi kwa kubahatisha. Kila mmoja una sababu ya kikemia ya kusimama uliposimama. Tatizo ni himoglobini chache, kama D, zinazosimama pale pale penye S. Hapo ndipo jeli ya asidi au kipimo cha kuyeyuka huitwa kuamua.

HPLC (kwa Kiingereza high-performance liquid chromatography) hufanya kazi hiyo kwa mashine. Damu hupitishwa kwenye safu iliyojaa chembechembe zinazoshika protini kwa nguvu tofauti, kila himoglobini hutoka kwa dakika yake, na mashine huandika asilimia. Asilimia hizo ndizo zinazofanya nikipendekeze kipimo hiki mbele ya vingine.

AS wa kawaida huwa na A nyingi kuliko S, na S huwa karibu asilimia 35 hadi 40. Ikishuka chini ya hapo usishtuke: thalasemia ya alfa, kasoro ya kurithi inayofanya mnyororo wa alfa wa himoglobini utengenezwe kidogo, iliyoenea sana Afrika Mashariki, hupunguza sehemu ya S bila kumfanya mtu mgonjwa wa selimundu. SS hana A hata kidogo, kama hajaongezewa damu. Yule mwenye S nyingi kuliko A, ambaye hajaongezewa damu, anatakiwa kutazamwa upya, kwa kuwa huenda ana S kutoka kwa mzazi mmoja na thalasemia ya beta, ambapo mnyororo wa beta hutengenezwa kidogo au hautengenezwi kabisa, kutoka kwa mwingine. Huyo anaweza kuumwa ingawa kwa haraka mtu angemwita AS.

HPLC pia hupima himoglobini A2, aina ambayo kwa kawaida huwa kidogo tu kwenye damu. Ikizidi asilimia 3.5 huku seli nyekundu zikiwa ndogo, kuna dalili kubwa ya kubeba thalasemia ya beta. Mbebaji huyo sikling haimwoni kabisa. Akioa au kuolewa na AS, robo ya mimba zao ziko hatarini kwa ugonjwa wa S na thalasemia. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuishusha A2 na kuficha jambo hili, kwa hiyo mwenye anemia apime na chuma.

Msomaji wa pwani, wa Zanzibar au aliyeko Muscat, asilipite hili haraka. Karne za safari kati ya Afrika Mashariki, Uarabuni na India zimechanganya jeni hizi. Uchunguzi wa DNA inayoizunguka jeni ya S huko Oman umekuta asili za Kiafrika, ikiwemo ile inayoitwa ya Kibantu, pamoja na ile ya Kiarabu na Kihindi. Saudi Arabia ilifanya vipimo vya selimundu na thalasemia kuwa lazima kabla ya ndoa tangu 2004, vyote viwili kwa pamoja, na sababu ni hiyo.

Vipimo vya haraka vya kingamwili

Miaka ya karibuni vimeingia vijiti vinavyofanana na vya malaria, kama HemoTypeSC na Sickle SCAN. Vina kingamwili zinazotambua A, S na C, vinatumia tone la damu ya kidole au kisigino, na majibu hutoka ndani ya dakika chache bila umeme. Kwa kuwa hutambua protini moja kwa moja, wingi wa F hauvizibi macho, na ndiyo maana vinafaa hata kwa mtoto aliyezaliwa leo. Vinatenganisha AA, AS na SS, jambo ambalo sikling haiwezi. Kwa zahanati za mbali naona ni hatua kubwa kuliko mashine yoyote.

Haviandiki asilimia wala haviioni thalasemia. Na tahadhari moja ya usomaji: kwenye HemoTypeSC mstari ukipotea ndipo himoglobini hiyo ipo, wakati kwenye Sickle SCAN mstari ukitokea ndipo ipo. Mhudumu aliyezoea kimoja akipewa kingine bila mafunzo, majibu yatageuka.

DNA

Watu hudhani kipimo cha DNA, kwa kuwa ni ghali na kinagusa jeni yenyewe, ndicho kinachojua yote. Kinajua ulichokiuliza tu. Njia ya kawaida ni kunakilisha kipande cha HBB kwa PCR, kisha kukikata kwa kimeng'enya kama DdeI, kinachotambua herufi CTGAG zilizopo kwenye jeni ya kawaida. Kwenye jeni ya S zimekuwa CTGTG, kimeng'enya hakizitambui, na kipande kinabaki kirefu. Kwa hiyo kinachoulizwa ni: je, mkato huu upo au haupo?

Sasa mchukue mtoto mwenye S kutoka kwa baba na thalasemia ya beta kutoka kwa mama, kosa lake likiwa mahali pengine kwenye jeni ile ile. Nakala moja haikatiki, ya pili inakatika. Kipimo kitaandika A/S, na mtoto mgonjwa ataitwa mbebaji. Kusoma jeni nzima herufi kwa herufi kungeliona kosa, lakini si kila karatasi ya "DNA" imefanya hivyo. Uliza.

Pale DNA inapohitajika, haina mbadala. Aliyeongezewa damu ana seli nyekundu za watu wengine, lakini sampuli ya ndani ya shavu ina jeni zake mwenyewe. Na kijusi tumboni hakiwezi kupimwa kwa mstari wa protini: huchukuliwa vinyweleo vya kondo kuanzia karibu wiki ya 11 ya ujauzito, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, na DNA ndiyo husomwa. Njia zote mbili zina hatari ndogo ya mimba kuharibika, na kwa sehemu kubwa ya ukanda wetu huduma hiyo haipatikani kirahisi.

Hivi ndivyo watu wale wale wanavyosomeka, mbele ya kila kipimo, kama hawajaongezewa damu na si watoto wachanga:

| Alivyo kweli | Sikling | HPLC | Kijiti cha haraka | DNA ya S pekee |
|---|---|---|---|---|
| AA | hasi | A | A | A/A |
| AS | chanya | A nyingi kuliko S | A na S | A/S |
| SS | chanya | S, hakuna A | S | S/S |
| SC (S kwa mzazi mmoja, C kwa mwingine) | chanya | S na C | S na C | A/S |
| S na thalasemia ya beta, isiyotoa A kabisa | chanya | S, hakuna A, A2 juu | S | A/S |
| S na thalasemia ya beta, inayotoa A kidogo | chanya | S nyingi kuliko A | A na S | A/S |
| Mbebaji wa thalasemia ya beta | hasi | A, A2 juu | A | A/A |

SS na yule mwenye S na thalasemia isiyotoa A kabisa hawatenganishwi vizuri na kipimo kimoja, hata HPLC, kwa sababu A2 ya SS nayo inaweza kupanda. Hapo kinachosaidia ni kuwapima wazazi. Matibabu ya awali ya wawili hao yanafanana, kwa hiyo mtoto asisubiri jibu ili aanze kliniki.

Uchague kipi

Wachumba: HPLC kwa wote wawili, pamoja na picha kamili ya damu. Isipopatikana, elektroforesi. Kupima mmoja tu hutosha pale anapotoka AA kamili, A2 yake ikiwa ya kawaida, chuma kikiwa cha kutosha. Akiwa na chochote kingine, wa pili lazima apimwe. Hofu ya kwamba "mbebaji asioe" haina msingi: AS na AA hawazai SS. Mgonjwa wa SS akiolewa na AA, watoto wote watakuwa AS.

Wapo wanaoona haja ya kupima ni ya ukoo fulani tu. Tony Allison, aliyelelewa Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba wabebaji hukingwa dhidi ya malaria, baada ya kuona jeni imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria na imepungua nyanda za juu. Tafiti za Kilifi baadaye zilikuta wabebaji wana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Basi kwenye ukanda wetu, palipokuwa na mbu wa malaria kwa vizazi vingi, S ipo. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania takribani mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji. Ila watu wamehama. Kuzaliwa Nairobi au Arusha hakukuondolei jeni ya bibi aliyetoka Busia au Ukerewe.

Mtoto mchanga: kijiti cha haraka, HPLC, au elektroforesi ya aina inayotenganisha kwa pH, ambayo Uganda iliitumia kwenye utafiti wake wa kitaifa. Walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyobaki baada ya watoto kupimwa VVU, karibu 100,000, wakakuta asilimia 13.3 ni wabebaji na asilimia 0.7 wana ugonjwa. Tone moja, majibu mawili. Mtoto akipatikana na S bila A, apimwe tena kuthibitisha na aanze penisilini na kinga ya malaria bila kungoja augue. Sikling kwa umri huu ikatae hata ukipewa bure.

Mwenye dalili ambaye hajawahi kupimwa: kinachopatikana haraka kwanza, HPLC baadaye. Aliyeongezewa damu: asubiri miezi mitatu hadi minne, kwa kuwa seli nyekundu huishi siku 120 hivi, au apime DNA kama hawezi kusubiri. Wanandoa ambao tayari wote ni wabebaji na mimba imeshaingia: DNA, baada ya ushauri nasaha, na waende mapema kwa sababu wiki hazisubiri.

Kabla hujaondoka dirishani, soma karatasi yako. Iwe na asilimia za A, S, F na A2, umri wa aliyepimwa, na tarehe aliyoongezewa damu mara ya mwisho kama aliwahi. Ukiona imeandikwa tu "sikoseli: hasi", muulize mtaalamu ametumia kipimo gani, akuandikie jina lake.